Kebo Moja Imenila Siku Nzima

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa kompyuta, Ntinda, Kampala. Jumatatu nilitakiwa kuhamishia kumbukumbu za wateja kwenye seva mpya, yaani kompyuta kuu ya kuzihifadhi. Nikaona kebo haina lebo, nikaanza kuziwekea zote. Printa ya lebo ikakwama, nikaifungua kuisafisha. Saa kumi na moja jioni seva bado imo kwenye boksi. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usijiite mvivu. Kebo isiyo na lebo ni kasoro ya kweli, na jicho la fundi haliwezi kuipita. Tena lebo ni kazi ya dakika mbili, lakini kuhamisha kumbukumbu za watu kunatisha. Moyo hukimbilia penye wepesi.

Nilipokuwa fundi kule Jinja nilibandika karatasi pembeni mwa kioo cha kompyuta. Juu, kwa kalamu nyekundu, kazi moja ya siku. Chini, kila kasoro niliyoiona njiani: naiandika, mkono unarudi kwenye kazi. Ilinisaidia mno.

Mtafiti Sophie Leroy alionyesha mwaka 2009 kwamba ukihama kazi, sehemu ya mawazo hubaki kwenye ile uliyoiacha. Basi ukiitwa ghafla, andika kwanza umefika wapi na hatua gani inafuata.

Kebo ikinuka kuungua, hapo acha kila kitu. Isiyo na lebo itangoja. Kesho fungua boksi kabla ya chai, na chukua nakala ya akiba kabla hujahamisha chochote.