Kabla ya kubishana na logi, kagua saa yake

Mkuu, umesema mwajiri wako ana logi (kumbukumbu ambayo kompyuta hujiandikia yenyewe) inayoonyesha akaunti yako iliingia kwenye seva alfajiri, dakika chache kabla ya mafaili kufutwa, na unauliza utaihakiki vipi. Yalishanikuta hayo hayo. Anza na saa.

Mimi niliwekewa karatasi mezani: akaunti yangu imeingia 05:40, mafaili yamefutwa 05:52. Ukiisoma hivyo, kesi imekwisha. Niliikataa karatasi nikadai logi halisi kutoka kila mashine, maana karatasi ni jedwali lililokwisha kupita mikononi mwa mtu. Zilipokuja, kumbe seva ya kuingilia inaandika muda kwa UTC (saa ya marejeo ya dunia nzima), na ile ya kuhifadhia mafaili inaandika kwa saa za pale pale, ambazo ziko mbele kwa saa 3. Yaani niliingia 08:40, nimekaa kwenye kiti changu cha kazi, mafaili yakiwa yameshafutwa kitambo. Aliyezipanga logi hizo pamoja hakuwa na nia mbaya, nadhani. Hakuuliza tu.

Uliza pia kama mashine zilikuwa zinasawazisha saa kwa NTP, yaani utaratibu wa kompyuta kuchukua saa sahihi kupitia mtandao. Saa ya kompyuta iliyoachwa hupotea kidogo kidogo, na dakika 12 si kitu kwake.

Kama ni Windows, tafuta tukio namba 4624, ndilo la akaunti kufanikiwa kuingia, uangalie na aina ya kuingia. Aina ya 2 kwa kawaida ni mtu aliye kwenye kibodi, 10 ni wa mbali kupitia Remote Desktop. Aina ya 3 ni ya mtandao, na hutokea hata kompyuta ikijifungulia folda ya pamoja wewe hujagusa kitu.

Anwani ya IP, namba inayotambulisha muunganisho kwenye intaneti, ndiyo wengi huikimbilia, nami naiamini kidogo kuliko vyote. Kampuni za intaneti, hasa za simu, huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ndiyo maana RFC 6302, waraka wa mapendekezo ya kiufundi ya intaneti wa mwaka 2011, ulishauri seva ziandike na namba ya poti ya mteja, ile inayotenganisha miunganisho iliyo nyuma ya anwani moja. Bila hiyo, hata kampuni yenyewe inaweza kushindwa kumtaja mhusika.

Mkikabidhiwa logi, zipigieni SHA-256 (hesabu inayotoa namba ya faili, ambayo hubadilika faili likiguswa) mbele ya pande zote, msaini namba hiyo. Inaonyesha hazijaguswa tangu siku hiyo tu, ya nyuma haiyajui. Kwa hiyo tafuta na logi ya mashine ambayo anayekutuhumu hana nenosiri lake.

Na barua ya kutaka logi zitunzwe ipeleke leo. Mashine nyingi hujifutia za zamani. Ya ruta yetu nilipoiulizia ilikuwa imeshakwenda.