Chujio la LHC: mashine iaminiwe?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasikia LHC, kiharakishi kinachogonganisha chembe ndogo kule CERN, maabara ya fizikia iliyo karibu na Geneva, hutupa karibu data yake yote. Je, mashine iliyofundishwa kwa mifano (machine learning) inaaminika kwa kazi ya kuchagua kipi kibaki?

JIBU: Marahaba. Kutupa ni lazima: makundi ya protoni hupishana mara milioni 40 kwa sekunde, na hakuna ghala la kubeba data ya migongano yote. Kwenye CMS, kimojawapo cha vigunduzi vinavyorekodi migongano hiyo, chujio la kwanza huwa na takriban mikrosekunde 4 tu za kuamua, ndiyo maana hesabu hufanyika ndani ya chipu.

Mimi navutiwa zaidi na mbinu iliyotumiwa na LHCb, kigunduzi kingine cha LHC. Vipimo vinavyoingia kwenye miti ya maamuzi (mashine iliyofundishwa inayoamua kwa mfululizo wa maswali ya ndiyo au hapana) hugawanywa katika vipande vichache, kisha majibu yote huandikwa mapema kwenye jedwali. Tukio, yaani data ya mpishano mmoja, likifika, mashine husoma jibu tu, haikokotoi. Tena vipande hivyo, vikiwa vipana kuliko makosa ya vipimo, huizuia isikariri kelele, yaani tofauti za kubahatisha tu. Kazi safi sana!

Kuamini? Kwa masharti. Kilichotupwa hakirudi, hivyo sampuli ndogo ya matukio huhifadhiwa bila kuchaguliwa, tupime mashine inakosa nini. Sampuli hiyo ningeitetea hata nafasi ikibana vipi.