Magurudumu ya gari la mbao yanapasuka

Ndugu, umesema magurudumu ya gari la kuchezea la mtoto yanapasuka kila ukiyatoboa. Umeyakata kutoka kwenye tawi, na kipande cha namna hiyo kikikauka hupasuka kuanzia kwenye kiini. Omba mabaki ya ubao wa mninga kwa fundi seremala. Chora duara kwa kifuniko cha chupa, toboa katikati kwa keekee kwanza, ndipo ukate. Ekseli, yaani kijiti kinachopita katikati ya magurudumu, ikiwa na unene wa milimita 6, tundu liwe 7, gurudumu lizunguke bila kubana. Piga msasa namba 120 halafu 220, kingo hasa, maana mtoto ataliweka mdomoni. Mbao za paleti zenye muhuri MB usiziguse kabisa, zimefukizwa kwa methili bromidi, gesi ya sumu ya kuua wadudu. Zenye HT zimepashwa joto tu.