Re: Kupanua kituo cha ukaguzi wa malori bila kusimamisha huduma

Mkuu, umeuliza mafundi waanzie wapi kupanua kituo cha ukaguzi wa malori yanayokwenda mipaka ya Rusumo (Rwanda) na Kabanga (Burundi), barabara ya Dodoma–Singida, bila kukifunga. Jenga njia mpya kwanza pembeni, hamishia malori huko, ndipo uvunje ya zamani.

Eneo la foleni na mizani liwe zege. Lami pale haidumu: gari la tani 56 likisimama juani linaibonyeza, dizeli inayodondoka inailainisha, baada ya muda una mifereji ya matairi. Na njia ya kuingia mizani iwe bapa. Ikiinama, uzito unahamia ekseli nyingine, unagombana na dereva bure.

Maji ndipo wengi wanapochemka. Dodoma inapata takriban mm 550 kwa mwaka, karibu zote Desemba hadi Aprili. Paa la mita za mraba 1,200, ukitoa asilimia 20 inayopotea, linakupa lita 528,000 kwa mwaka. Sasa mtu anafunga tangi moja la lita 10,000! Mvua moja ya mm 20 inaleta lita 19,200, nusu inamwagika. Mkiyatunza maji hayo kwa kiangazi tu, lita 2,000 kwa siku, miezi saba inadai hifadhi ya lita 420,000, yaani tangi la chini la zege. Maji ya mwanzo wa mvua yamwagwe, yana vumbi.

Sola ziinamishe nyuzi 10 kuelekea kaskazini. Zikilala kabisa, vumbi linaganda.