Fulana ya Kongowea Iliyoniponza Korea

Juzi binti mmoja wa Eldoret aliniandikia. Anataka kwenda Korea Kusini kufundisha Kiingereza, na ana maswali mawili. La kwanza, njia ni ipi. La pili, ni kweli Wakorea wanajiona kiasi hicho? Amesoma maneno ya walimu wa kigeni walioishi kule, na wote wanalia kilio kimoja: nchi yetu hivi, lugha yetu vile, kabichi yetu ya kuchachua ni dawa ya kila kitu. Ananiuliza, "Dada, nitawaweza hao?"

La kwanza nitalijibu chini, na jibu lenyewe si tamu. La pili limenikaa kooni siku tatu, kwa sababu maneno aliyoyasoma yangeweza kuwa yangu. Niliyasema, nikayacheka, yakanigharimu kazi.

Mimi mzaliwa wa Kisauni, Mombasa. Nilihamia Leicester na mamangu nikiwa na miaka kumi na minne, na baadaye nikachukua pasipoti ya Uingereza. Agosti 2010, digrii ninayo, kazi sina, nikapanda ndege hadi Daegu, mji wa Korea Kusini. Kazi ilikuwa ya hagwon. Hagwon ni tuisheni kama hizi zetu za jioni, ila imekuwa biashara kamili. Unakuta jengo la ghorofa sita, hisabati chini, piano katikati, Kiingereza juu, na magari madogo ya manjano yanashusha watoto mlangoni. Mtoto wa darasa la tano anatoka shuleni anaingia kwetu, akitoka kwetu anakwenda kwingine, na saa mbili usiku bado yuko na begi mgongoni.

Miezi ya mwanzo naipita. Niliugua baridi, nikalia, nikazoea.

Ijumaa usiku walimu wa kigeni tulikuwa na meza yetu mjini, wao na bia zao, mimi na soda yangu. Tulikuwa na mchezo wa kuhesabu: wiki hii umeulizwa mara ngapi kama kwenu kuna majira manne? Mara ngapi kama unaweza kula kimchi, ile kabichi yao ya kuchachua? Bingwa wa mchezo alikuwa Mkanada mmoja. Alijua kuigiza sauti ya bosi wake akieleza kwamba kimchi inazuia maradhi, kwamba ukilala na feni katika chumba kilichofungwa utaamka maiti, na kwamba Dokdo ni ya Korea tangu enzi na enzi. Dokdo ni majabali mawili makubwa baharini, kilomita 87 hivi kutoka kisiwa cha Ulleungdo. Korea inayashikilia, Japani inayadai na kuyaita Takeshima. Wanafunzi wangu wa miaka tisa waliweza kuyachora wamefumba macho.

Mkanada alicheka mpaka machozi, na mkoba wake, hapo kitini, umeshonewa bendera ya Kanada mbele na nyuma. Hakuna hata mmoja wetu aliyeiona bendera ile. Mimi niliiona miaka mingi baadaye, nikiwa naosha vyombo.

Sasa fulana. Kabla ya safari nilipita Mombasa kuaga, na mimi siwezi kufika Mombasa nisiende soko la Kongowea kuchagua mitumba. Nikapata fulana nyeupe, jua jekundu katikati, miale myekundu imesambaa hadi mabegani. Nzito, safi, shilingi mia na hamsini. Niliipenda sana. Sikujua ni picha ya nini, na wala sikujiuliza.

Niliivaa darasani Jumatatu, Februari 28, 2011. Nikukumbushe kalenda, kwa sababu mimi kalenda ndiyo iliyonikaba. Kesho yake ilikuwa Machi Mosi, siku ambayo Wakorea wanakumbuka mwaka 1919, tangazo la uhuru liliposomwa katika bustani ya Tapgol mjini Seoul na watu wakajaa barabarani mikono mitupu mbele ya bunduki za Wajapani. Isitoshe, mwezi mmoja nyuma Japani ilikuwa imeitoa Korea kwa penalti katika nusu fainali ya Kombe la Asia, na wavulana wangu walikuwa hawajapoa. Na mimi naingia na jua la miale. Ile ndiyo bendera waliyopeperusha wanajeshi wa Japani wakati wakiitawala Korea, kuanzia 1910 mpaka 1945.

Darasa likanyamaza. Watoto kumi na wawili ambao siku zote walikuwa wakinivuta misuko kama wanaokagua mahindi sokoni, siku ile hakuna aliyenisogelea. Msichana mmoja wa dirishani akafunga kitabu. Mvulana akaniambia, "Mwalimu, vua hiyo."

Ningeuliza kwa nini, mambo yangeishia pale. Badala yake nikacheka. Nikawaambia hili ni jua tu, jua ni la wote, na mambo ya zamani mtu hujifunza kuyasahau. Niliyasema kwa sauti ile ya Ijumaa usiku, sauti ya mezani. Mpaka leo nikiyakumbuka maneno yale nasikia joto masikioni.

Kufika saa moja jioni wazazi wanne walikuwa wamepiga simu. Wonjangnim, yaani mkuu wa hagwon, mama wa makamo asiyepandisha sauti, akaniita ofisini. Nikajitetea: mimi mtoto wa Mombasa, ugomvi wenu na Japani unanihusu nini? Akaniuliza, "Na nyinyi mlitawaliwa na nani?" Nikamwambia, Waingereza. Akalitazama faili langu mezani, nakala ya pasipoti ikiwa juu. Hakusema neno. Akanipa koti lake nijifunike nirudi nyumbani.

Ndiyo maana nasema, ukifika nchi ya watu, nyamaza kwanza. Sikiliza. Uliza ndipo ucheke, kama kicheko bado kitakuwepo.

Usiku ule sikulala, nikaanza kusoma mambo ambayo ningeyasoma kabla ya kupanda ndege. Kwamba miaka ya mwisho ya utawala ule Kikorea kiliondolewa mashuleni. Kwamba kuanzia 1940 familia zilishurutishwa kuchukua majina ya Kijapani, mtu akabadilishiwa hata jina la babu. Hapo ndipo nikakumbuka disk. Waliosoma Kenya wanaijua: kibao kinachotundikwa shingoni kwa mtoto aliyeteleza akasema lugha ya nyumbani. Mimi darasa la nne niliivaa siku nne mfululizo kwa sababu ya Kiswahili. Kiswahili, Mombasa! Mwalimu aliyenivisha alikuwa Mswahili mwenzangu. Na wala hatukuwa na mkoloni tena, tulikuwa huru zamani.

Wale watoto niliowacheka walikuwa na siku maalumu ya kusherehekea herufi zao, Oktoba 9. Herufi zina umri na zina baba: Mfalme Sejong, aliyezikamilisha 1443 na kuzitangaza 1446 ili mtu wa kawaida aweze kusoma. Walimu wa kigeni walichoka kuambiwa habari za Sejong. Mimi pia nilichoka. Lakini mtu aliyekaribia kunyang'anywa lugha asipoisifu kupita kiasi aseme nini? Mkanada hajawahi kuvaa disk. Mimi niliyeivaa ndiye niliyepaswa kuelewa wa kwanza, na nilikuwa wa mwisho.

Tena kuna jambo dogo la lugha ambalo hakuna mtu mezani petu angeweza kuliona isipokuwa mimi, na nililikosa. Walimu wenzangu walikereka kwamba Mkorea hasemi "nchi yangu" wala "mama yangu", anasema "uri", yetu: nchi yetu, mama yetu, nyumba yetu, hata kama yuko peke yake. Wakasema ni ubinafsi wa taifa zima, wewe mgeni umefungiwa nje. Haya, na Mswahili anasemaje? Karibu kwetu. Mtu anaishi peke yake, chumba kimoja, anakwambia karibu kwetu. Na heshima za lugha yao, kitenzi kinachogeuka kulingana na umri wa unayesema naye, mimi niliyelelewa kwa shikamoo niliziona mzigo kwa sababu wenzangu wa Ulaya waliziona mzigo. Nilikuwa nimeazima macho ya watu.

Machi 11 Japani ikapigwa na tetemeko na tsunami. Nilitarajia watoto wangu wafurahi, nisiseme uongo. Wiki iliyofuata yule mvulana aliyeniambia nivue alikuja na kopo la sarafu, anachangisha kwa ajili ya Wajapani. Na Jumatano, Machi 16, wale bibi wa Kikorea ambao jeshi la Japani liliwafanya watumwa wa ngono wakati wa vita, ambao tangu 1992 walikuwa wakiandamana kila Jumatano mbele ya ubalozi wa Japani mjini Seoul, hawakupiga kelele. Walisimama kimya kuwaombea marehemu wa Japani. Niliiona picha gazetini nikaikata, bado ninayo.

Sitaki binti wa Eldoret adhani nawapaka mafuta. Fahari ina upande wake wa kisu, na mimi nimekatwa nao. Fomu ya kuomba kazi ilitaka picha ya uso, na wakala aliniambia wazi kwamba hagwon mbili zimenikataa baada ya kuiona. Wazazi walilipia Mwingereza, wakaletewa mimi. Mama mmoja alimhamisha mtoto akasema anataka Mwingereza halisi. Nimesamehe, ila nikiandika hapa mkono unakuwa mzito. Kujivunia damu moja, ukoo mmoja, kunamsukuma nje mtoto aliyezaliwa na Mkorea na mama Mvietnamu, naye hana pasipoti nyingine ya kukimbilia. Hilo walimu wa kigeni wakilisema wanasema kweli. Tatizo ni kwamba hawalisemi hilo, wanasema feni.

Kwa hiyo narudia: nyamaza kwanza, halafu uliza. Ukishauliza, ukiona dhuluma, sema. Usianze na dhihaka.

Agosti ikafika. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi na nilishaarifiwa hautaongezwa. Sababu iliyoandikwa ni "idadi ya wanafunzi", nikaachia hapo. Ila mwezi huohuo mashindano ya riadha ya dunia yalifanyika wapi? Daegu. Jumamosi ya Agosti 27, asubuhi, jua linachoma kama la Mombasa mwezi wa pili, marathoni ya wanawake inaanzia na kuishia Bustani ya Gukchaebosang, katikati ya mji. Hagwon ilileta watoto. Nilikuwa nimewaambia natoka Kenya, ingawa kwa karatasi nilikuwa Mwingereza mtupu: nilipochukua pasipoti nilipoteza uraia, na katiba mpya iliyoruhusu uraia pacha ilikuwa imetimiza mwaka mmoja siku hiyohiyo. Msichana wa dirishani alinichorea bendera ya Kenya kwenye karatasi. Ngao ilitoka kama samaki.

Mtu asiniulize nilivyofanya siku ile. Edna Kiplagat aligongana na Sharon Cherop kwenye meza ya maji akaanguka, akainuka, akashinda. Priscah Jeptoo wa pili, Cherop wa tatu. Kenya, Kenya, Kenya. Jioni mita 10,000, Vivian Cheruiyot, Sally Kipyego, Linet Masai, medali zote sita za siku kwetu. Kwetu, nasema! Nilipiga vigelegele barabarani Daegu hadi sauti ikakatika. Nikawaeleza watoto kwamba hakuna duniani wanaokimbia kama sisi, kwamba ni mwinuko, ni ugali, ni damu. Nilisema damu. Nilisema ugali kama vile Mkorea anavyosema kimchi.

Wonjangnim alikuwa pembeni na mwavuli wake. Aliniacha nimalize, kisha akanieleza tuliposimama ni wapi. Mwaka 1907, Korea ikiwa na deni la won milioni 13 kwa Japani, watu wa Daegu ndio walioanza kuchanga walilipe: wanaume wakaacha tumbaku miezi mitatu, wanawake wakatoa vipuli na pete. Deni halikulipika na nchi ikachukuliwa. Bustani ina jina la mchango ule. Na mwaka 1998, uchumi ulipoanguka, watu wakapanga foleni tena kutoa dhahabu zao, zaidi ya tani mia mbili. Akanionyesha kidole cha pete, kitupu. "Ya harusi," akasema. Hakuongeza neno, na mkataba wangu hakuuongeza pia.

Sasa jibu la kwanza, mdogo wangu. Nilipoomba mimi, viza ya kufundisha Kiingereza, ile ya E-2, ilitolewa kwa raia wa nchi saba tu: Marekani, Kanada, Uingereza, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Kenya haimo, hata Kiingereza chako kiwe kitamu kuliko changu. Wakala atakayekwambia vingine anataka pesa yako. Njia safi kwako ni masomo: serikali ya Korea ina ufadhili uitwao Global Korea Scholarship, unapewa mwaka mmoja wa kujifunza lugha kwanza, na Wakenya huupata. Tena kuna chuo kikuu, Hankuk cha lugha za kigeni, ambako vijana wa Kikorea wanasoma Kiswahili hadi digrii. Kiswahili kile kile nilichotundikiwa kibao shingoni.

Utaniuliza, fulana iko wapi? Sikuweza kuitupa kule, niliogopa hata mzoa taka ataiona. Nilirudi nayo chini kabisa ya sanduku. Nilipopita Kisauni shangazi yangu aliiona nzito, safi, akaikata vipande vya kuepulia sufuria. Kipande chenye jua ndicho anachokipenda, hakiunguzi vidole.