Kompyuta iacheni kwanza, anzeni na kabati la masjala

Ndugu mtendaji, umesema kijiji chenu kimeahidiwa kompyuta na mafunzo ya siku tatu ya QGIS, programu ya kuchora ramani, na mwenyekiti anataka ramani ya mashamba kabla ya masika. Nimekuwa msaidizi wa wapima vijijini Iringa kwa miaka kadhaa, nakujibu nilivyoona.

Kijiji cha kwanza tuliwaachia kompyuta yenye kila kitu ndani. Haukupita mwaka, mtendaji akahamishwa, neno la siri akaondoka nalo kichwani. Nilipopita tena nilikuta vikombe vya chai juu yake.

Kwa hiyo kagueni kwanza masjala ya ardhi. Paa halivuji? Kabati linafungwa? Daftari lipo, na nani anajua kulijaza? Hati za hakimiliki za kimila zitatokea humo. Daftari likiwa bovu, kompyuta itabeba ubovu uleule.

Halafu chapisheni picha kubwa ya setilaiti, ya A0, karatasi ya karibu mita moja, muwaite wazee. Msiwaonyeshe kwenye kioo cha simu, wataitikia tu kwa heshima. Kwenye karatasi mzee anafuata mto kwa kidole, anafika kwenye mstari wa minyaa, anasema hapa ndipo baba alipokomea. Bibi mmoja alituonyesha njia ya ng'ombe ya kwenda mtoni ambayo haikuwa kwenye ramani yoyote. Bila yeye tungeigawa mashamba.

Sasa kosa lililotutoa jasho. Ramani za zamani za 1:50,000 zimechorwa kwa Arc 1960, GPS ya simu inatoa WGS 84; hiyo ni misingi miwili tofauti ya kuhesabia mahali. Ukizipandanisha bila kubadilisha, vitu vinahama kama mita 300. Sisi tulizipandanisha hivyohivyo. Shule ya msingi ikaangukia kijiji jirani, na ramani hiyo tukaipeleka mkutano mkuu! Nusura tufukuzwe. Ilibidi tuutembee mpaka upya na wazee wa vijiji vyote viwili, bikoni kwa bikoni, yaani alama moja ya mpaka hadi nyingine. Na huku kwetu longitudo ya 36 inaukata mkoa, kwa hiyo angalieni pia kama mko kanda ya 36 au ya 37 kusini ya UTM, mfumo wa ramani unaoigawa dunia kwa kanda; kompyuta itawauliza.

Usahihi wa simu usiwasumbue sana. Inakosea mita chache, zaidi chini ya miti. Kwa shamba la ekari tano si neno, kwa viwanja vya senta ni kesi.

Kupima kwenyewe wapeni vijana wa hapohapo. Mradi wa MAST, uliojaribu kupima mashamba kwa simu hapa Iringa, ulitumia vijana wa kijiji, na majirani wa mpakani walisimama nao shambani. Kijiji chetu cha pili tuliwachukua wawili, wa kike na wa kiume, ambao hakuna wa kuwahamisha. Shamba likirithiwa au kugawanywa wanaandika daftarini kwanza, mwisho wa mwezi wanahamishia kwenye mfumo, nakala inakwenda kwa afisa ardhi wilayani. Posho yao ipitishwe kwenye bajeti ya kijiji, ukitegemea wafadhili itakatika.

Na hao wenye mafunzo waombeni wayagawe: siku moja sasa, mbili zilizobaki baada ya miezi miwili, vijana wakishakwama na wana maswali ya kuuliza.