Shangazi, nimechoka mpaka natamani niumwe

Barua ya leo nimeifupisha kidogo, ila maneno ni yake mwenyewe:

"Shangazi shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, mkubwa ana miaka 8, wa pili 5, mdogo miezi 14 na bado ananyonya. Nafanya kazi ya ofisini, nikirudi nyumbani ndo naanza kazi ya pili. Mume wangu si mtu mbaya, hanywi, hana makuu, ila hanisaidii kitu. Akijaribu anaharibu, mfano juzi alimvalisha wa katikati soksi moja ya kijani nyingine nyeupe ikabidi nimvue mlangoni nianze upya, tukachelewa wote. Mama mkwe alikuja wiki mbili ndo ikawa balaa, vyombo anaosha havitakati, ikawa akienda kulala narudia kuviosha. Watoto wanalala saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi wako macho, kulia na kugombana tu. Naishi kwa kahawa, vikombe vinne kwa siku, cha mwisho nikitoka kazini. Wakati mwingine natamani niumwe kidogo tu nilazwe ili nipumzike. Niambie nitumie vitamini gani, mazoezi gani ya kupunguza tumbo, na huyu mwanaume nimfanyeje. Mama Aliyechoka."

Marahaba mwanangu, na pole. Watoto watatu na ofisi juu yake si mchezo. Pole yenyewe ndo hiyo, sasa kaa vizuri tuongee.

Barua yako imeingia saa saba na dakika 47 usiku, simu yangu inaonyesha. Yaani mtu amechoka kiasi cha kutamani kitanda cha hospitali, nyumba nzima imelala, mtoto kanyamaza, halafu yeye yuko macho anamsema mume aliyelala pembeni yake. Hapo nikaanza kuisoma barua yako kwa jicho lingine.

Tuanze na hizo soksi. Hebu niambie, mtoto alilia? Miguu ilipata baridi? Mtoto alikuwa kashavaa, yuko mlangoni, baba yake kashika begi, wanaondoka zao. Wewe ukamkalisha chini ukamvua viatu, ukamvua soksi, ukaenda kutafuta zinazofanana, baba kasimama pale pale na begi mkononi anaangalia, na mtoto naye anaangalia anajifunza kwamba kazi ya baba huwa inarudiwa. Halafu uniambie mmechelewa kwa sababu yake! Mlichelewa kwa sababu yako wewe. Huyo mwanaume alikuwa na kazi humo ndani, ukamfukuza, sasa unalalamika hafanyi kazi.

Na mama mkwe ndo kabisa nimeshindwa kukutetea. Mama wa watu kaacha kwake kaja kukushika mkono, kasimama kwenye sinki na magoti yake yale ya uzee, kaosha. Unadhani alikuwa hasikii maji yanamwagika jikoni usiku baada ya yeye kwenda kulala? Alisikia, siku zote 14 alisikia. Kama sufuria ilibaki na mafuta ungeisugua hiyo moja kesho yake ukapita, lakini kurudia vyombo vyote usiku huo hakuhusu usafi tena mwanangu, hiyo ni kumwambia mtu hufai bila kufungua mdomo. Mimi ningekuwa yeye ningeondoka wiki ya kwanza, yeye kamaliza mbili na naona hujaandika popote kwamba alilalamika.

Simsafishi mumeo, asije akachukua simu akakuonyesha eti ona Shangazi kasema. Kuna wanaume wanafanya vibaya kwa makusudi ili wasiambiwe tena, na kwao mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wanaona ni mwepesi kwa sababu hawajaubeba. Wako ndo namna hiyo? Wewe hujui na mimi sijui, maana hajawahi kuachiwa kazi moja akaimaliza mwenyewe.

Kwa hiyo mpe kazi nzima. Neno "nisaidie" liache, anayesaidia anasubiri kuambiwa, na wewe unabaki msimamizi, na kusimamia ndo kunakochosha kichwa kuliko kuosha mtoto kwenyewe. Mwambie kuanzia leo kuogesha wawili wakubwa na kuwapeleka kitandani ni kwako, kila siku, nguo za kulalia na mswaki humo humo. Kisha uende chumbani ufunge mlango ukae na huyo wa miezi 14 unyonyeshe, hicho ndo kitu pekee hapo nyumbani ambacho yeye hawezi. Watatoka bafuni na povu nyuma ya masikio, watavaa nguo nje ndani. Nyamaza. Nakupa wiki tatu za kunyamaza, najua zitakuwa ngumu kuliko kunyonyesha usiku. Huyo wa miaka 8 naye apange begi lake jioni, akisahau daftari mwalimu wake atamkumbusha, na wa 5 anavaa mwenyewe, hata kama ni kijani na nyeupe.

Nikaenda kwenye hiyo saa nne usiku. Saa nne mpaka kumi na mbili ni saa 8. Mtoto wa miaka 5 anahitaji saa 10 mpaka 13, wa miaka 8 anahitaji 9 mpaka 12. Watoto wako si wakorofi, wana usingizi! Unaamka asubuhi unawagombeza watu ambao hawajalala. Walale saa mbili, taa zizimwe na simu na televisheni zizimwe mapema kabla ya hapo, watasumbua siku kadhaa za mwanzo kisha watazoea, na wewe utajikuta una saa moja na zaidi ya usiku ambayo ulikuwa unaitafuta kwenye vitamini.

Siku hizi bwana watu wanaoana wawili, wanafunga mlango, halafu wanawaingiza ndani watu elfu kwa kupitia simu. Mama anaangalia video ya mama mwingine, nyumba inang'aa, watoto wamevaa rangi zinazoendana, mume anapika huku anacheka, basi anageuka anamwangalia wa kwake aliyekaa na singlendi anaona kaonewa. Hajiulizi nani kashika hiyo kamera na ilizimwa saa ngapi. Zamani mkono mmoja haulei mwana ilikuwa maneno ya kawaida tu, sasa tunataka mikono iwe mingi ila yote ifanye kama wa kwetu. Haya, nimetoka nje ya barua, nirudi.

Kahawa. Kafeini inachukua kama saa 5 kupungua nusu tu mwilini, kwa hiyo hicho kikombe cha jioni bado uko nacho kitandani, ndo maana unaandika barua usiku. Cha mwisho kiwe kabla ya saa nane mchana, na ukiwa unanyonyesha punguza idadi pia, kidogo kinapita kwenye maziwa. Tumbo, hakuna zoezi la kupunguza mafuta ya sehemu moja tu ya mwili, wanaouza hilo wanauza. Tembea haraka, dakika 150 kwa wiki zinatosha, ni kama dakika 20 na kitu kwa siku, na mzunguko wa jioni na mtoto unahesabika.

Ila kuna sentensi moja sikucheka nayo. Kutamani uumwe ili ulazwe. Wamama wengi wanaisema kwa utani, na wewe umeipitisha katikati kama utani, lakini kwa mtu mwenye mtoto wa miezi 14 mimi siiachi. Nenda kapime wingi wa damu, upungufu wa madini ya chuma unachosha mtu hivi hivi, na tezi ya shingoni nayo huweza kuyumba baada ya kujifungua. Mwambie daktari hiyo sentensi kama ulivyoniandikia mimi, usiipambe, kwa sababu sonona ya baada ya uzazi haiishi na arobaini, inaweza kumkuta mama miezi mingi baadaye na inatibika. Vitamini usinunue mpaka majibu yatoke. Na ikifika siku unatamani kisichorudi nyuma, usisubiri Shangazi, mwamshe huyo mumeo saa ile ile.

Mama mkwe mpigie wiki hii. Huna haja ya kuomba msamaha kwa maneno marefu, muulize tu anakuja lini.

Baada ya wiki tatu niandikie tena, ila niandikie mchana.